Funguo, damu na bibi harusi: namna ya kuifaidi hadithi ya kale iliyosimuliwa upya

Swali limetoka kwa mwalimu wa skuli mmoja wa Wete, Pemba. Kwa ufupi ameandika hivi:

"Shikamoo Maalim. Nimemaliza riwaya inayosimulia upya kile kisa cha kale cha Ulaya cha bwana tajiri anayempa mke mpya funguo zote za nyumba na kumkataza chumba kimoja. Humu mke ana uchawi wake, na mwisho hasubiri kuokolewa na mtu. Kuna damu nyingi. Nimeipenda hata nimeirudia, lakini najiona nina kasoro: kwa nini nifurahie mambo ya kutisha namna ile? Shoga yangu anasema mambo ya uchawi hayamfai mtu anayeswali. Na nilipowapa wenzangu tunaosoma pamoja, mmoja aliacha katikati, mwengine akasema hakuona ajabu yoyote. Nivisome vipi visa hivi nivifaidi zaidi, na nitajuaje kipi kizuri na kipi kelele tu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kasoro, maana linakunyima raha bure. Huna kasoro. Kisa cha kutisha ndicho watu walichokaa kitako kukisikiliza tangu hapo, kwao na kwetu, na wengi waliokisimulia walikuwa wanawake wenye heshima zao. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipokusanya hadithi zao, sehemu kubwa walizipata kwa wanawake. Mmoja wao, Dorothea Viehmann, sura yake ilichorwa ikawekwa kitabuni.

Watu hudhani hadithi za kale zilikuwa laini, kisha waandishi wa leo wakaja kuzitia kiza. Mambo yalikwenda kinyume. Katika chapa ya kwanza ya Grimm, ya 1812, yule malkia anayetaka kumuua msichana mweupe kama theluji ni mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819 akageuzwa mama wa kambo, kwa kuwa wasomaji hawakustahamili kumwona mama mzazi akiwa hivyo. Msichana wa mnarani mwenye nywele ndefu alimuuliza kizee, katika chapa ile ya mwanzo, mbona nguo zake zinambana. Msomaji akajua ana mimba. Maneno hayo nayo yakaondolewa. Lakini viatu vya chuma vilivyotiwa moto, ambavyo malkia anavalishwa acheze mpaka afe, viliachwa. Dada wa Sinderela waliojikata mmoja kidole cha mguu na mwengine kisigino ili kiatu kiingie, nao wakaachwa. Walionea haya mimba, hawakuionea haya damu. Kwa hivyo mwandishi wa leo anayerudi kwenye kisa hicho akamrejesha mama mzazi na hasira zake, mara nyingi hajaongeza kiza. Amekirudisha kilichofutwa.

Na kwetu je? Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na humo mna nunda mla watu. Aliyeisikia utotoni hawezi kuisahau. Paka wa sultani anakula ndama, watu wanashitaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi wamwache. Anakula mbuzi, jibu ni lile lile. Anakula ng'ombe, punda, ngamia, kisha mtoto wa mtu, na sultani bado anasema paka ni wangu. Mpaka paka anapowageukia watoto wa sultani mwenyewe. Hebu kisome tena kisa hicho ukiwa mtu mzima. Kinachotisha pale ni sultani anayejibu kwa upole, tena kwa hoja, huku nchi inaliwa. Meno ya nunda ni jambo dogo.

Ndiyo maana unafurahia. Hofu iliyosimuliwa vizuri inakuonyesha kitu ulichokuwa ukikijua bila kukitazama. Mke aliyepewa funguo zote isipokuwa mmoja ni kisa cha kila aliyeingia nyumba ya watu akaambiwa jisikie kwako, ila pale usiguse.

Sasa shoga yako. Usimbeze, kwani ana sababu. Katika visiwa vyetu uchawi umewagombanisha ndugu, umevunja ndoa, umewapa waganga waongo fedha za maskini. Mtu aliyeyaona hayo hataki kuona neno hilo hata kitabuni. Lakini wazee wetu waliokuwa wakiinuka kwenye msala na kuja kukaa barazani kutusimulia mazimwi na majini hawakuona mgongano, nami nadhani walilijua jambo moja. Hadithi ina mlango. Msimulizi anasema "Paukwa!", wasikilizaji wanajibu "Pakawa!", kisha kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kaka, na kila mtu pale anajua ameingia mahali ambapo paa huzungumza na maiti huimba. Ikimalizika, msimulizi anatangaza kwamba imekwisha: ikiwa njema ni ya wote, ikiwa mbaya ni yake yeye. Mlango unafungwa, watu wanakwenda kulala.

Uvumi hauna mlango. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, jini aliyesemwa kuwavamia watu usiku, ilipozuka Pemba ikafika Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na wapo walioteswa kwa kushukiwa. Hakuna aliyesema paukwa. Hakuna aliyejua wapi kisa kinaanzia na wapi kinakoma. Huo ndio uzito wa uchawi unaomtia wasiwasi shoga yako, nao haufanani na bibi harusi wa kitabuni anayeongea na mizimu ya wake wenzake. Mweleze hivyo kwa utaratibu. Akiendelea kukataa, mwache. Kusoma riwaya si faradhi, na urafiki wenu una thamani kuliko riwaya.

Tuje kwenye namna ya kusoma, na hapa nitakaa kidogo.

Mwenzako aliyesema hakuona ajabu, nakisia hakukijua kisa cha mwanzo. Utamu wa kisa kilichosimuliwa upya uko hasa katika tofauti baina ya ulichokitazamia na ulichokipata. Asiyekuwa na la kutazamia hupata nusu ya kitabu. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya riwaya, someni au simulianeni hadithi ya kale yenyewe. Ni fupi, nusu saa inatosha.

Na cha kwako kina sura mbili za kale, zote mbili zijue. Ya kwanza aliichapisha mwandishi Mfaransa Charles Perrault, Paris, mwaka 1697. Bwana mwenye ndevu za buluu anasafiri, mke anafungua chumba, anakuta maiti za wake waliotangulia, ufunguo unaingia damu isiyofutika. Bwana anarudi, anataka kumchinja, na kaka zake bibi wanafika dakika ya mwisho wakamuua. Perrault akamalizia kwa beti za mawaidha kuhusu ubaya wa udadisi! Yaani mtu amejaza chumba maiti, na anayekaripiwa ni aliyefungua mlango. Waandishi wanawake wa zama zetu wamekirudia kisa hiki mara nyingi, na mimi naamini ni kwa sababu ya beti zile. Kuna jambo jengine la kuliangalia: hata kwa Perrault mjane anarithi mali yote, akamwozesha dada yake na kuwanunulia kaka zake vyeo vya ukapteni. Riwaya yako inapomwacha mke na nyumba mkononi, mwandishi wake amelima shamba lililokwishapandwa.

Ya pili imo kwa Grimm, inaitwa Ndege wa Fitcher, na haijulikani sana kwetu, nayo ni hasara. Mchawi anajifanya masikini mwenye kapu, anawachukua mabinti watatu wa nyumba moja, mmoja baada ya mmoja. Kila mmoja anapewa funguo na yai, aambiwe alichukue yai kila aendako. Wawili wa mwanzo wanaingia chumba kilichokatazwa, wanashtuka, yai linaanguka kwenye beseni la damu, wanakatwa vipande. Wa tatu, kabla ya kufungua chochote, anaanza kwa kuliweka yai mahali salama. Kisha anaingia. Anawakuta dada zake, hapigi ukelele. Anaviokota viungo vyao, anavipanga kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, na vinaungana, dada wakafumbua macho. Mchawi akirudi anaona yai safi, na kuanzia hapo nguvu zake juu ya binti zimekwisha. Inambidi atende aambiwalo. Binti anawaficha dada zake ndani ya kapu chini ya dhahabu, anamtwika mchawi awapeleke kwao, na kila anapotaka kupumzika njiani sauti inatoka kapuni: nakuona dirishani kwangu, umesimama, endelea! Yeye mwenyewe anajipaka asali, anajibiringisha katika manyoya, anatoka nyumbani kama ndege wa ajabu, huku dirishani ameweka fuvu lililovishwa maua ya harusi. Mchawi na wageni wake wanafungiwa ndani na jamaa wa bibi harusi, nyumba ikatiwa moto.

Nimekisimulia kwa urefu kwa makusudi, maana kinajibu swali la mwanamke jasiri kuliko maelezo yangu yoyote. Hana upanga. Silaha zake ni kuliweka yai kwanza, kuvumilia kuangalia, na kujua kiungo gani cha nani. Na hakujiokoa peke yake. Kisa hiki kilikuwapo kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Anayesema wanawake wenye nguvu wamebandikwa juzi kwenye hadithi za kale, mpe asome hiki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na riwaya nyingi za aina hii. Zimejaa msichana asiyeogopa kitu, asiye na mama wala shoga, anayepigana tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho na kushinda. Huyo ni jemadari wa kiume aliyevishwa kanga. Ukiona mhusika haogopi, jua mwandishi amemnyima ujasiri, kwani ujasiri unahitaji hofu ya kuushinda. Katika ngano zetu mwanamke hutumia alicho nacho: wimbo, fumbo, subira, kujua mambo. Katika kisa cha nunda, mwana wa sultani anayemwinda kila mara anamletea mama yake mnyama aliyemuua, na kila mara mama anamjibu kwa wimbo kwamba huyu siye. Anayejua nunda ni nini ni mama. Katika kisa cha Sultani Darai, ambapo paa anampa masikini mji, mali na mke, masikini anapotajirika anamtupa paa akiwa mgonjwa. Ni mke anayelia, anayemlisha, anayemwambia mumewe kweli, na paa anapokufa ni yeye anayempelekea baba yake habari ili azikwe kwa heshima. Mwisho mume anaamka yuko jaani, anapekua takataka kama zamani. Kwa macho yangu mke ndiye kiini cha kisa kile, na hakuna aliyempa jina. Angepata mwandishi wake, pangekuwa na riwaya ya kukesha nayo.

Jambo la pili la kulishika unaposoma ni bei ya uchawi. Uliza kila mara: nani anailipa? Katika hadithi nzuri uchawi una masharti, na masharti yana meno. Katika ngano ya kijana Hassibu, mfalme wa nyoka anamwachia aende kwao, anamwomba tu asioge hamamu ya watu wengi, kwa sababu akioga alama itajitokeza mwilini na mfalme huyo atauawa. Hassibu anakataa mara nyingi, kisha siku moja anaoga. Unajua kitakachofuata, na ndipo moyo unapokubana. Ikiwa katika riwaya mke anapiga kidole na ukuta unaanguka, bila kulipa kitu, bila mtu mwengine kulipia, basi pale hapana uchawi. Pana mwandishi aliyekwama. Rudi kwenye kitabu chako ukatazame: mke yule alipotumia nguvu zake mara ya kwanza, alipoteza nini? Kama umelipata jibu, kitabu ni kizuri.

Na damu uipime kwa kumbukumbu. Baada ya mtu kuuawa, kurasa ishirini mbele, je, yupo anayemkumbuka? Nguo zake ziko wapi, mama yake anasemaje? Kitabu kinachoua na kusahau ni kelele. Kinachoua na kukumbuka, hata kikiwa cha kutisha mno, kimewaheshimu wafu wake.

Kuna aina moja nitakuonya nayo waziwazi, kwa vile unafundisha na wanafunzi wako wataviona vitabu hivi simuni. Ni ile ambapo bwana mkatili, aliyemfungia mke na kumtisha, anageuka mpenzi kwa sababu ana macho mazuri na utoto wa huzuni. Mtu mzima anaweza kukisoma akijua anachokisoma. Kwa msichana wa miaka 14 ningesubiri, au ningekisoma pamoja naye na kusimama kila mahali panapostahili kusimama. Hadithi ya mdomo haina tatizo hili sana, maana msimulizi anaona uso wa mtoto na anaweza kupunguza sauti, akaruka mahali, akamfanya zimwi ajikwae. Kitabu hakimwoni msomaji wake.

Kuhusu mwenzako aliyeacha katikati: pengine alisoma peke yake usiku. Visa hivi vilitungwa kwa ajili ya kikao. Someni kwa sauti, kwa zamu, sura moja au mbili, na muanze kwa paukwa kama desturi hata kama kitabu ni cha Ulaya. Mkifika mahali pa chumba kilichofungwa, fungeni kitabu mzungumze: wewe ungefungua? Mke mwenza wa zamani angekuwa hai angekushauri nini? Nimeona wanawake wanyamavu wakisema katika maswali ya namna hii mambo ambayo wasingeyasema wakiulizwa maisha yao wenyewe.

Kisha fanyeni jambo ambalo wasomaji wa Pemba wanaliweza kuliko wengi: simulieni upya la kwenu. Mnalo Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, boma la karne ya 15 ambalo wazee wanalihusisha na Mkama Ndume. Masimulizi yanasema alikuwa mtawala mkali hata akawalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wanasota kwa makalio. Na pana kile kisima. Inasemwa alikuwa na wake wawili wenye wivu, akagawa kisima kwa ukuta wasionane: mmoja anateka kwa ndoo na kamba, mwengine anashuka kwa ngazi. Ndani ya boma pana pia chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Yaani kila kitu ulichokipenda katika riwaya ya Ulaya, mtawala katili, wake, chumba cha chini, kipo mwendo mfupi kwa gari kutoka ulipo.

Masimulizi yanatuambia wivu wa wake. Ni Mkama Ndume aliyesema wana wivu, au nani? Ukuta umegawa kisima, lakini maji ni yale yale. Aliyeshuka ngazini anaisikia ndoo ya mwenzake ikigonga maji, anajua leo ameamka mapema, leo mikono imechoka, leo hakuja. Anaweza kuimba, na wimbo ukapanda upande wa pili. Anaweza kuacha kitu kikaelea. Na sauti za watu wanaosota na mawe zinawafikia wote wawili. Mnaweza kuweka jini la kisima, nalo lidai bei. Mnaweza kuamua wake wakutane, au wasikutane kabisa na bado wamshinde mume wao. Muhimu ni mmoja wenu amsimulie mke wa ndoo, mwengine mke wa ngazi, bila kushauriana, kisha muone hadithi mbili zinagongana wapi.

Mkitaka kianzio chepesi zaidi, chukueni yule binti wa ngano aliyesahau kombe lake zuri, yaani gamba la baharini, juu ya mwamba pwani. Wenzake wakakataa kurudi naye, akaenda peke yake huku akiimba, akamkuta zimwi. Zimwi akamtia ndani ya pipa akalifanya ngoma, akazunguka naye vijijini akilipwa chakula kwa sauti ya mtoto aliyefungiwa. Katika masimulizi niyajuayo wazazi wanaitambua sauti, wanamlewesha zimwi, wanamtoa binti na kujaza nyoka, nyuki na siafu mahali pake. Kisa kinamfuata zimwi mpaka kifo chake, na binti hatajwi tena. Anzeni hapo anapotolewa. Amerudi nyumbani, wale wenzake waliokataa kumsindikiza wanakuja kumpa pole, na mtu anamwomba aimbe.

Kwa mwezi huu ningependekeza mpangilio huu: jioni ya kwanza Perrault na Ndege wa Fitcher, zote mbili kwa mdomo, bila kitabu. Ya pili nunda. Baada ya hapo irudieni riwaya yako tangu mwanzo, na mwenzako aliyesema hakuona ajabu ndiye asome kwa sauti sura ya funguo. Na mkishatunga cha Pujini, kiandikeni kwa Kiswahili chenu cha Wete, msikisafishe. Nitafurahi sana kukisoma.